Kuandika aya za uchambuzi wa hesabu: mwongozo kwa wanafunzi wa uhasibu na fedha

Kazi nyingi za uchambuzi wa taarifa za fedha hazianguki kwa sababu ya hesabu. Jedwali huwa safi, fomula ziko sawa, kisha aya inayofuata inalirudia jedwali kwa maneno: uwiano ulikuwa huu, ukawa ule, kwa hivyo kampuni inaendelea vizuri. Msahihishaji ameshaziona hizo namba. Anachotafuta ni sababu.

Mwongozo huu unahusu sehemu hiyo tu. Chuoni utaiandika kwa Kiingereza, lakini jaribu kwanza kumweleza mwenzako hoja yako kwa Kiswahili, hata mkiwa kwenye kivuko cha Likoni. Ikikushinda hapo, Kiingereza hakitaiokoa.

Hatua ya 1: Tafuta ripoti kamili

Muhtasari unaotolewa magazetini haukutoshi, kwa kuwa sababu hukaa kwenye maelezo ya ziada yanayofuata taarifa zenyewe. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi huweka ripoti za mwaka kwenye tovuti zao. Mashirika ya umma, Halmashauri ya Bandari ikiwemo, hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Anza na maoni ya mkaguzi kabla ya faida. Akitilia shaka thamani ya stoki, basi kila uwiano unaotumia stoki umebeba shaka hiyo, nawe huna budi kulisema hilo. Halafu angalia juu ya safu za namba: ripoti nyingi huandikwa kwa maelfu ya shilingi. Ukiona 450,000 hapo, ni milioni 450. Kosa hili hutokea zaidi pale mwanafunzi anapolinganisha kampuni mbili, moja ikiandika kwa maelfu na nyingine kwa mamilioni.

Hatua ya 2: Tengeneza jedwali la kazi

Kwenye Excel weka safu tano: kipengele, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, ukurasa, na namba ya maelezo. Safu mbili za mwisho ndizo zinazorukwa, na ndizo zitakazokuokoa wakati wa kutaja vyanzo. Kokotoa kwa namba kamili, kisha kadiria hadi desimali mbili mwishoni tu.

Hatua ya 3: Jenga aya

Tuchukue duka la kubuni la vifaa vya ujenzi, Kongowea. Mwaka 2023 mali za muda mfupi ni shilingi milioni 18.0, ndani yake stoki milioni 7.2. Mwaka 2024 mali hizo ni milioni 21.0, stoki milioni 13.0. Madeni ya muda mfupi ni milioni 10.0 miaka yote miwili. Gharama ya mauzo ni milioni 36.0, kisha milioni 39.0.

Uwiano wa mali za muda mfupi ni mali hizo kugawanywa kwa madeni ya muda mfupi. Aya dhaifu husema: "Uwiano wa mali za muda mfupi ulipanda kutoka 1.80 hadi 2.10. Hii inaonyesha kuwa biashara ina uwezo mzuri wa kulipa madeni." Hesabu ni sahihi, hitimisho ni potofu.

Sasa soma hii:

"Uwezo wa kulipa madeni ya karibu ulidhoofika mwaka 2024, ingawa uwiano wa mali za muda mfupi ulipanda kutoka 1.80 hadi 2.10. Stoki iliongezeka kwa milioni 5.8 ilhali mali zote za muda mfupi ziliongezeka kwa milioni 3.0 tu, maana yake fedha taslimu na madeni wanayodaiwa wateja, kwa jumla, vilipungua kwa milioni 2.8. Bila stoki, uwiano ulishuka kutoka 1.08 hadi 0.80. Maelezo namba 9 yanaonyesha kuwa ongezeko kubwa ni la nondo na mabati, na siku za stoki kukaa ghalani zilipanda kutoka 73 hadi 122. Hata hivyo, hesabu hii inatumia stoki ya tarehe 31 Desemba. Kama mzigo uliingia mwishoni mwa mwaka, siku 122 zinalikuza tatizo."

Mpangilio wake: dai, namba zinazolibeba, sababu kutoka kwenye maelezo, kisha mpaka wa ushahidi. Dai linatangulia. Ukilificha mwishoni, msomaji anapita namba tano bila kujua anatafuta nini. Na kama maelezo hayataji sababu, andika "huenda" na useme ni taarifa gani ingethibitisha. Usibuni.

Hizo siku 122 (stoki kugawanywa kwa gharama ya mauzo, mara 365) zina mtego wake. Ukitumia wastani wa stoki ya mwanzo na mwisho wa mwaka, milioni 10.1, unapata siku 95. Njia zote mbili zinakubalika, mradi utaje uliyotumia. Kisichokubalika ni kutumia wastani kwa 2024 na stoki ya mwisho kwa 2023 kwa sababu huna hesabu za 2022. Hapo 73 na 95 si vitu vinavyolinganika.

Hatua ya 4: Kagua kama kanuni ndizo zilizobadilika

Hapa ndipo kazi nzuri nyingi huharibika. Kiwango cha IFRS 16 (IFRS ni viwango vya kimataifa vya kuandaa taarifa za fedha), kilichoanza kutumika Januari 1, 2019, kiliingiza mikataba mingi ya kupanga kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni. Kampuni iliyopanga magodauni Shimanzi kwa miaka kadhaa inaweza kuonekana na madeni makubwa 2019 bila kukopa hata shilingi.

Kwa benki za Kenya, kumbuka kikomo cha riba: kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019 riba ya mikopo haikuruhusiwa kuzidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 4 za asilimia. Nacho IFRS 9, cha mwaka 2018, kilibadilisha jinsi ya kutenga fedha kwa mikopo mibaya. Anayelinganisha 2015 na 2018 kisha akailaumu menejimenti peke yake amekosa nusu ya maelezo.

Hatua ya 5: Safisha maneno

Faida ghafi ikipanda kutoka asilimia 20 ya mauzo hadi 25, imepanda kwa pointi 5 za asilimia. Ukiandika "asilimia 5" umekosea. Ongezeko lenyewe ni asilimia 25 ya kiwango cha awali.

Futa "kwa kiasi kikubwa" popote penye namba. "Afya ya kifedha" nayo haipimiki. Sema ni ukwasi (uwezo wa kulipa madeni ya karibu), faida au mzigo wa madeni.

Katika kutaja vyanzo, tenganisha mwaka wa hesabu na mwaka wa kuchapishwa. Ripoti ya 2023 kwa kawaida hutoka 2024, na mtindo wa APA hutumia mwaka wa kuchapishwa. Ongeza ukurasa kwa kila namba uliyoitoa humo.

Kabla ya kuwasilisha, chapisha kurasa hizo na upige mstari chini ya kila namba iliyo ndani ya aya, kisha uisake kwenye jedwali. Ukikuta 1.08 kwenye aya na 1.1 kwenye jedwali, sahihisha, kwa sababu msimamizi ataanza kuuliza hapo.