Somo: Kurekodi kwaya mubashara kwa maiki mbili tu

Pasaka moja nilirekodi kwaya ikiimba nyimbo za mtunzi Handel hapa Dodoma mjini. Nilitega maiki sita, nikajiona fundi. Kufika nyumbani, nasikia mama mmoja wa sauti ya pili kawapita wenzake wote, maana maiki ilimkaa kidevuni. Tangu siku hiyo natumia mbili.

Hatua ya 1: Tafuta maiki mbili za kondensa (maiki nyeti zinazotumia umeme), za aina moja, za kadioidi, yaani zinazosikia mbele kuliko nyuma. Maiki ya dainamiki anayoshika mchungaji imetengenezwa kwa mdomo ulio karibu. Ukiiweka mbali utapandisha geini (kiasi cha kukuza sauti) mpaka usikie mvumo wa mashine yenyewe. Kondensa inahitaji volti 48 kutoka kwenye rekoda au mikisa. Zima umeme huo kabla ya kuchomoa waya.

Hatua ya 2, na hapa usiwe na haraka. Nenda siku ya mazoezi, utembee. Piga kofi moja usikilize paa: bati lisilo na dari litakujibu papo hapo. Kwaya ikianza, simama nyuma ya mwalimu wao. Maneno yakivurugika, sogea mbele. Ukianza kutambua sauti ya mtu mmoja mmoja, rudi nyuma. Mimi huishia mita 2 hadi 3 kutoka mstari wa kwanza, stendi ikiwa juu kama mita 3, maiki zikiinamia mstari wa nyuma. Urefu huo una sababu: ukiwa chini, soprano wa mbele wako karibu mno na besi wanapotea. Ukipanda, umbali unakaribiana.

Hatua ya 3: Vichwa vya maiki viachane sentimita 17, vikitazama nje kwa digrii 110. Mpango huu ulitoka redio ya Ufaransa, unaitwa ORTF. Pima vichwa, siyo vishikio, nimeshakosea hapo.

Hatua ya 4: Rekodi kwa biti 24. Waombe waimbe sehemu yenye kelele kuliko zote, kilele kiishie desibeli -12 kwenye kipimo cha rekoda. Siku yenyewe watapaza zaidi, kanisa likijaa.

Feni zizimwe. Mfuko wa mchanga ukae kwenye miguu ya stendi, watoto wanapita.

MASWALI

Mkuu, kinanda chetu kinatokea kwenye spika kubwa pembeni. Kinaifunika kwaya.
– Kadioidi haisikii sana mgongoni. Hamisha spika iwe nyuma ya maiki, kisha mwombe mpiga kinanda apunguze. Kumwomba ndiyo kazi ngumu.

Shikamoo mwalimu. Sisi tuna ilimba (ala ya vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba) na zeze, Chamwino, tunapiga chini ya mti.
– Marahaba. Nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti, kwa hiyo sogea mpaka mita moja hivi. Upepo wetu wa Julai unashinda sponji, zivike maiki kifuniko cha manyoya. Ule mvumo wa utando wa buibui kwenye matundu ya ilimba usiusafishe kwenye kompyuta, ndiyo sauti yenyewe. Akina mama wakiingia na muheme, zile ngoma zao, rudi nyuma na ushushe geini.

Kaka, nina simu tu.
– Ifunge kwenye stendi, palepale pa hatua ya 2. Zima mtandao. Usiishike mkononi, vidole vinasikika.