Jinsi ya kugawana nyumba, viwanja na akiba zilizo nchi nyingine ndoa inapovunjika

Wanandoa walioishi Uingereza miaka mingi, wakanunua nyumba Leicester, wakajenga Kigamboni au Nyali, na kila mmoja akajiwekea pensheni kazini, wanapoachana hukuta kwamba swali la nani apate nini linatanguliwa na lingine: ni mahakama ipi yenye uwezo wa kumlazimisha nani. Wengi huliruka swali hilo, wakafungua shauri pale palipo karibu nao, kisha wakabaki na hukumu nzuri isiyotekelezeka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya Watanzania na Wakenya walio katika hali hiyo, na kusudi lake ni kukusaidia ufike kwa wakili ukijua cha kuuliza.

Kanuni ya msingi ni ya zamani. Tangu mwaka 1893, katika shauri lililohusu ardhi ya Msumbiji, mahakama za Uingereza zilikataa kuamua nani ni mmiliki wa ardhi iliyo nje ya nchi hiyo, na mahakama za nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, Kenya na Tanzania zikiwemo, nazo zinaitambua kanuni hiyo. Hata hivyo, mahakama ina mamlaka juu ya mtu aliye mbele yake. Jaji wa Uingereza hawezi kumwagiza Msajili wa Hati wa Dar es Salaam abadilishe jina katika daftari lake, lakini anaweza kumwamuru mume anayeishi Leicester atie sahihi hati ya uhamisho wa kiwanja cha Kigamboni, na mume huyo akikaidi anaweza kuadhibiwa kwa kudharau mahakama, hata kwa kifungo. Kwa hiyo, kabla ya kufungua shauri popote, andika mambo mawili: kila mali iko wapi, na mwenzako anaishi na kufanya kazi wapi. Mahakama yenye nguvu zaidi ni ile inayoweza kumfikia yeye, mshahara wake, au mali yenye thamani kubwa kuliko nyingine.

Chaguo la mahali pia hubadilisha kiasi utakachopata. Nchini Tanzania, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, ikizingatia mila za jamii husika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote na mahitaji ya watoto, na baada ya kuyapima hayo ielekee kwenye usawa. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango, na uamuzi huo umewalinda wanawake wengi waliokuwa wakiambiwa hawakuchangia kitu. Kiwanja alichokuwa nacho mmoja kabla ya ndoa nacho kinaweza kuingia katika mgawanyo iwapo kiliendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, ama na mwenzake, ama kwa juhudi zao wote wawili. Nchini Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inagawa kwa kufuata mchango, ikihesabu pia malezi ya watoto, usimamizi wa nyumba na kazi ya shamba, na Mahakama ya Juu ilieleza Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa unaotajwa katika Katiba haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Waislamu nchini humo wanaruhusiwa kuongozwa na sheria ya Kiislamu katika jambo hili. Mahakama ya Uingereza huanzia kwenye kugawana sawa kilichochumwa ndani ya ndoa, kisha hupima mahitaji, na mahitaji ya watoto walio chini ya miaka 18 huja kwanza. Aliyelea watoto nyumbani kwa miaka mingi bila kipato aombe ushauri wa mawakili wa nchi zote mbili kabla hajatia sahihi karatasi yoyote.

Ukichagua Tanzania, kumbuka kwamba kwa kawaida shauri la talaka haliendi mahakamani kabla ya kupita katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lakini sheria inatoa msamaha pale mdaiwa anapoishi nje ya nchi na hatarajiwi kuingia nchini ndani ya miezi 6 baada ya shauri kufunguliwa. Msamaha huo unaokoa muda mwingi, ila ni lazima uuombe na kuueleza katika hati ya madai.

Hatua inayofuata ni kuorodhesha mali, na hapa usitegemee uaminifu wa mwenzako peke yake. Nchini Uingereza kila upande unalazimika kueleza kwa ukamilifu mali zake zote popote duniani, na anayeficha anaweza kukuta hukumu ikifunguliwa upya. Wewe mwenyewe unaweza kupata kwa ada ndogo nakala ya daftari la umiliki wa nyumba yoyote iliyosajiliwa England na Wales, na kuangalia bure majina ya wakurugenzi wa kampuni katika Companies House, yaani ofisi ya usajili wa kampuni ya Uingereza. Tangu Agosti 2022 kuna pia daftari la kampuni za kigeni zinazomiliki majengo huko. Nchini Kenya na Tanzania, fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi kwa kutumia namba ya hati au ya kiwanja. Namba hiyo mara nyingi iko kwenye risiti ya kodi ya ardhi iliyosahauliwa ndani ya droo au kwenye picha katika simu, kwa hiyo itafute kabla hujahama nyumba.

Mali inayoleta uchungu kuliko zote ni ile iliyoandikwa kwa jina la ndugu. Mtu yuko ughaibuni, anamtumia kaka yake fedha anunue kiwanja na kusimamia ujenzi, na hati inatoka kwa jina la kaka kwa sababu ndiye aliyekuwepo siku ya kusaini. Ndoa inapovunjika, kaka anasema nyumba ni yake, au mume anasema ni ya mama. Mahakama haiwezi kumnyang'anya mtu mali bila kumsikiliza, kwa hiyo ndugu huyo lazima aunganishwe katika shauri, tena mapema, na mahakama ya mahali ilipo ardhi ndiyo inayofaa zaidi kulimaliza jambo hilo. Ushahidi utakaokusaidia ni wa vitu vidogo: miamala ya kutuma fedha ikiwa na tarehe, risiti za saruji, nondo na mabati, daftari la fundi lenye malipo ya kila wiki, na ujumbe wa WhatsApp ambamo kaka anatuma picha ya msingi na kuandika kuwa fedha za linta zimepungua. Panga vitu hivyo kwa tarehe na uambatanishe kila muamala na hatua ya ujenzi iliyofuata. Hakikisha ujumbe umehifadhiwa mahali pengine nje ya simu.

Angalia pia uraia. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilipotungwa iliweka kanuni kwamba asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, kwa hiyo muulize wakili kanuni hiyo ikoje sasa kwa mwenye asili ya Tanzania. Aliyechukua pasipoti ya Uingereza anaweza kushinda haki ya nyumba asiweze kuandikishwa kama mmiliki, na kwake ni salama zaidi kudai thamani yake kwa fedha. Kenya inaruhusu uraia pacha, na asiye raia hupata umilikaji wa muda usiozidi miaka 99.

Ukiwa na shaka kwamba mali itauzwa, usingoje hukumu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania inamruhusu mwanandoa kulinda maslahi yake katika nyumba ya familia kwa kuweka zuio katika daftari la ardhi, na Kenya ina utaratibu unaofanana. Mahakama ya Uingereza inaweza kuzuia fedha na mali zisihamishwe, lakini amri hiyo peke yake haimgusi mnunuzi wa Mombasa, kwa hiyo weka zuio katika kila nchi yenye mali.

Njia ninayoiona bora kwa familia nyingi ni kufidiana, yaani kila mtu achukue mali iliyo katika nchi anakoishi, na tofauti ya thamani ilipwe kwa fedha au kwa pensheni. Hapo kila mali hupimwa na mthamini aliyesajiliwa wa nchi yake, na tarehe ya kubadilisha fedha huandikwa katika makubaliano, kwa sababu shilingi ikishuka katikati ya mazungumzo, aliyeafiki kwa shilingi ndiye anayeumia. Pensheni ya Uingereza inahitaji uangalifu wa pekee: mfuko wa huko hautatekeleza amri ya kuigawa iliyotolewa Nairobi au Dar es Salaam. Inahitajika amri ya mahakama ya Uingereza.

Aliyekwisha kupata talaka Afrika Mashariki bado anaweza kuomba mgao Uingereza kwa kibali cha mahakama, chini ya Sehemu ya Tatu ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1984 inayohusu mashauri ya ndoa na familia, ikiwa mmoja wao ana makazi ya kudumu huko, au ameishi huko mwaka mzima, au nyumba yao ya ndoa iko huko. Katika shauri la Agbaje la mwaka 2010, mke aliyeachika Nigeria alipewa asilimia 65 ya bei ya nyumba ya London kwa sharti la kuachia haki yake katika nyumba ya Lagos. Ila anayeolewa au kuoa tena kabla ya kuomba hupoteza nafasi hiyo, kwa hiyo maombi yatangulie harusi.

Kodi muulize mtaalamu wa kila nchi kabla ya kusaini, kwani unafuu wa kuhamishiana mali kwa sababu ya talaka una masharti na mwisho wake. Uingereza, kwa mfano, huwapa waliotengana miaka 3 ya kodi baada ya ule waliotengana.

Jambo la mwisho ni kutia sahihi. Mwenzako akigoma kusaini hati ya nyumba ya Leicester, mahakama ya huko inaweza kuteua mtu asaini badala yake, lakini sahihi hiyo huenda isikubalike kwa msajili wa ardhi wa Dar es Salaam. Dai kwamba fomu za uhamisho wa mali ya Afrika Mashariki zisainiwe mbele ya mthibitishaji au ofisa wa ubalozi siku ileile makubaliano yanaposainiwa, zikiwa na picha na namba za vitambulisho vinavyotakiwa, na zikabidhiwe kwa wakili wa mahali ilipo ardhi, azipeleke kusajiliwa mara tu amri ya mahakama itakapotoka.