Sakitu ya Kitulo alfajiri, Ziwa Nyasa jioni: namna ya kupiga picha zote kwa siku moja

Theluji haianguki Mbeya. Anayeitaka aende Kilimanjaro. Lakini kati ya Juni na Agosti kuna asubuhi ambazo mabonde ya Kitulo, uwanda wa juu wenye hifadhi ya taifa, huamka meupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda, na jioni ya siku hiyohiyo unaweza kuwa Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, unapiga picha za mawimbi ukiwa umevaa fulana. Kitulo iko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa karibu mita 474. Kinachoharibu safari nyingi si kamera, ni saa: watu hufika jua limeshapanda na sakitu imeshageuka maji.

Usipange tarehe, subiri usiku unaofaa. Sakitu inataka anga safi na hewa iliyotulia. Mawingu huzuia joto la ardhi lisipotee, na upepo huchanganya hewa baridi ya chini na ya juu yenye joto kidogo. Soma utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) mchana, kisha saa 3 usiku toka nje: nyota zikiwa zimejaa na moshi wa jikoni unapanda wima, weka kengele. Juni na mwanzo wa Julai ndio wakati mzuri zaidi. Baadaye mioto ya nyasi huanza, na moshi wake huficha milima ya mbali na ng'ambo ya ziwa.

Kosa la kawaida ni kupanda kilimani. Hewa baridi ni nzito, hutiririka usiku kucha na kutuama chini, kwa hiyo kilele kinaweza kuwa kikavu huku bonde limekuwa jeupe. Tafuta bonde pana lenye nyasi fupi na kijito, usimame mteremkoni mita chache juu yake. Maua yaliyoipa Kitulo jina la Bustani ya Mungu ni ya msimu wa mvua. Sasa utakuta nyasi za kahawia, na weupe juu ya kahawia hupendeza kuliko watu wanavyodhani.

Julai jua huchomoza saa 1 na dakika chache asubuhi, upande wa kaskazini-mashariki. Uwe umeshasimama mahali pako saa 12 na nusu. Ukilala Matamba, panda mchana wa jana yake: barabara ya kutoka Chimala ina kona 57, si ya kujifunzia usiku. Kama utapiga ndani ya hifadhi, malipo na saa ya kufunguliwa lango vimalizwe siku moja kabla, na droni iache nyumbani kama huna kibali. Asiyetaka mambo ya lango akae upande wa Kikondo, kwenye mashamba ya viazi. Ukimkuta mzee shambani, shikamoo kwanza, ruhusa baadaye, kamera mwisho. Kwake sakitu ni hasara ya viazi, usiishangilie mbele yake.

Sasa kamera. Iweke kwenye tundu la lenzi la f/8 hadi f/11 na ISO 100 (wepesi wa kuhisi mwanga), juu ya tripodi, stendi ya miguu mitatu. Kamera hudhani kila kitu ni kijivu, hivyo eneo jeupe hulitia giza. Ongeza mwanga kwa kitufe cha +/- kati ya +0.7 na +1, kisha tazama histogramu (grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera) isigonge ukuta wa kulia. Kwenye simu, gusa sehemu nyeupe halafu sogeza alama ya jua juu kidogo. Mizani ya rangi (white balance) iweke kwenye alama ya jua, karibu 5200 K, usiiache ijiamulie: ikijiamulia hufuta ubluu wa kivulini, na ubluu huo ukikaa jirani na nuru ya dhahabu ndio picha yenyewe.

Jua likigusa bonde, geuka ulikabili au liwe ubavuni. Likiwa mgongoni sakitu huonekana kama chokaa. Kwa picha za karibu za majani, zuia pumzi au pumulia pembeni, maana pumzi moja huyeyusha ulichokifuata. Baada ya jua kufika huwa umebakiwa na nusu saa hivi, kwa hiyo anza na mandhari pana, na majani ya kivulini yamalizie. Betri hulegea kwenye baridi: beba mbili, ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Iliyozimika usiitupe mkobani, ipashe joto hukohuko. Mara nyingi huamka.

Kabla ya kuingia garini, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ukiwa bado nje. Hewa yenye unyevu ikikutana na chuma baridi huacha maji juu ya lenzi na hata ndani yake. Toa memori kadi mapema, mfuko usifunguliwe mpaka kamera ipate joto.

Shuka kwa Kikondo hadi Isyonje, kisha Tukuyu, Kyela, Ipinda, Matema. Mafuta yawe yamejazwa tangu jana. Ziwa Ngosi, lililo ndani ya kreta juu ya mlima, utalipita njiani, na kishawishi kitakuwepo, liache. Kulipanda na kurudi kunakula saa ambazo jioni utazililia.

Fika Matema saa 10. Milima ya Livingstone iko mashariki, ndiyo maana asubuhi ufuko hukaa kivulini muda mrefu na jioni ndiyo mali. Kuanzia saa 11 jua la magharibi huipiga milima usoni. Linazama karibu saa 12 na dakika 40. Filta ya polaraiza haifanyi kazi kubwa ukielekea milimani, kwa kuwa jua liko mgongoni. Igeuzie kusini, ziwani, itakata mng'ao wa maji. Mawimbi yavutike kidogo: acha shata wazi nusu sekunde hadi sekunde moja, f/16. Kwenye midomo ya mito usiingie majini bila kuuliza wenyeji, mamba wapo.

Miguu ya tripodi ikandamize mchangani kabla ya kila picha, la sivyo wimbi linaporudi huzama na picha hutikisika. Lenzi usibadilishe ufukweni penye upepo. Vifungio vya tripodi vifungue na kuvisuuza kwa maji ya bomba kabla hujavikunja. Punje chache za mchanga zinatosha kuvikwamisha.