Uraia wa Marekani kwa sisi tuliopitia kambini: karatasi kwanza, maswali 128 baadaye

Mtu anayetaka uraia akija kwangu, jambo la kwanza analouliza ni yale maswali 128 ya mtihani wa historia na serikali. Mimi humwomba kwanza anioneshe grin kadi yake, ile kadi ya ukaazi wa kudumu. Mimi ni mzaliwa wa Fizi, Kongo, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, sasa ni raia wa Marekani na ninaishi Louisville, Kentucky, ambako nawasaidia ndugu zetu wa kanisani kujiandaa. Nimeona watu walioijua historia ya Marekani kuanzia mwanzo hadi mwisho wakikwama kwa sababu tarehe ya ndoa waliyoandika haikufanana na ile waliyoitoa kambini. Sehemu kubwa ya intavyu ni mazungumzo kuhusu maisha yako wewe, na afisa anayekuhoji ana faili lako lote tangu siku ulipohojiwa kambini.

Kwenye grin kadi tafuta tarehe iliyo karibu na maneno "Resident Since". Kwa aliyeingia kama mkimbizi, hiyo ni siku aliyoingia Marekani, hata kama kadi yenyewe ilichelewa sana kufika. Miaka mitano inahesabiwa kuanzia hapo. Kuna wazee wanahesabu tangu siku kadi ilipoletwa na posta, wanapoteza zaidi ya mwaka bure. Aliyeombea hifadhi akiwa tayari ndani ya Marekani hurudishiwa mwaka mmoja tu kabla ya grin kadi yake kukubaliwa. Mwenye mume au mke raia, wakiwa wanaishi pamoja muda wote huo, anaomba baada ya miaka mitatu. Fomu, ambayo inaitwa N-400, unaruhusiwa kuituma siku 90 kabla ya miaka kutimia, lakini siyo siku 91.

Halafu tunahesabu safari. Ndani ya hiyo miaka mitano lazima uwe umekaa Marekani angalau miezi 30. Kama ulikwenda Bujumbura au Uvira kuuguza mzazi ukazidisha miezi sita, itabidi uthibitishe kwamba makao yako yalibaki huku: mkataba wa nyumba, kazi, watoto wako shuleni. Ukikaa nje mwaka mzima, hesabu imekatika.

Sasa jambo linaloniumiza kila nikiliona. Angalia umri wa watoto wako kabla ya kitu kingine chochote. Mtoto mwenye grin kadi, aliye chini ya miaka 18, anayeishi Marekani na mzazi mwenye mamlaka juu yake, anakuwa raia papo hapo mzazi huyo anapoapa. Sheria hiyo ilianza kutumika Februari 2001. Hakuna mtihani kwake, hakuna kiapo. Lakini mzazi akiapa siku moja baada ya mtoto kutimiza miaka 18, mtoto ataomba mwenyewe, kwa ada yake na intavyu yake. Kwa hiyo mwenye kijana wa miaka 16 asiseme atasubiri mpaka Kiingereza kikae vizuri. Na baba na mama wote wawili mkiwa na sifa, atangulie yule aliye tayari, kwa sababu mzazi mmoja anatosha.

Hapo pana shimo ambalo familia zetu huingia. Sisi tumelea watoto wa marehemu kaka na dada zetu, tukawaita wetu, na ni wetu kweli. Sheria hii haiwatambui mpaka uwe umewaasili mahakamani kisheria. Barua ya ulezi haitoshi, na mtoto wa kambo naye hahesabiwi. Kama una mtoto wa namna hiyo nyumbani, muone wakili leo, kwa sababu kuasili kuna masharti yake ya umri na ya muda.

Karatasi zenyewe uziweke kwenye faili moja: grin kadi, hati za kusafiria zote hata zilizokwisha muda, cheti cha ndoa, hukumu ya talaka kama ipo, vyeti vya watoto wote, hata waliobaki Kongo, hata wakubwa, hata wasioishi nawe. Andika anwani zote ulizokaa kwa miaka mitano, kazi zote na miezi yake, na kila safari ya nje iliyozidi saa 24. Kwa kodi, omba IRS, idara ya kodi ya Marekani, ikupe muhtasari wa marejesho yako, ni bure. Kama unadaiwa kodi, weka makubaliano ya kulipa kidogo kidogo na uende na barua yake; deni lililowekewa mpango linaeleweka kuliko deni lililofichwa. Kijana wa kiume aliyeishi hapa kati ya miaka 18 na 26 alitakiwa kujiandikisha Selective Service, orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini, kwa hiyo atafute namba yake ya usajili.

Majina na tarehe ndivyo vinavyotutesa. Jina moja liliandikwa kwa "w" Kigoma, kwa "ou" kwenye karatasi ya Kongo, na mwandishi wa kambini akaongeza herufi yake. Wengi tulipewa tarehe 1 Januari. Kwenye fomu tumia jina na tarehe zilizo kwenye grin kadi, na zile tahajia nyingine ziandike zote mahali fomu inapouliza majina mengine uliyowahi kutumia. Tarehe ya kuzaliwa ikiwa si sahihi na una ushahidi, lishughulikie na wakili kabla ya kutuma, maana ndiyo itakayochapwa kwenye cheti. Jina unaweza kuomba libadilishwe ndani ya N-400 yenyewe, ila hapo utaapa mbele ya jaji, na pengine utasubiri zaidi.

Kisha kuna yale maswali marefu yanayoanza na "Have you ever". Usimwachie mtoto wako wa sekondari ayajibu "hapana" mfululizo huku wewe unapika. Yanauliza kama uliwahi kukamatwa, hata kama kesi ilifutwa. Yanauliza kama uliwahi kujiandikisha kupiga kura: wapo waliokwenda kuchukua leseni ya udereva, wakaulizwa kwa haraka, wakasaini wasichokielewa. Yanauliza pia kama uliwahi kuwa katika kundi la wanamgambo au waasi. Wewe uliyebebeshwa mizigo na Mai-Mai msituni, au kijana uliyechukuliwa kwa nguvu ukatoroka, usiandike "hapana" kwa hofu, na usiandike "ndiyo" peke yako bila ushauri. Kaa na mtu wa sheria kwanza. Mwenye haki ya kukushauri ni wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Mashirika mengi ya kupokea wakimbizi yanao, kwa bei ndogo au bure. Jirani anayejaza fomu kwa dola mia tatu sebuleni kwake hataingia nawe kwenye chumba cha intavyu. Warundi nao wamuone wakili kabla ya kulipa chochote, kwa kuwa Burundi iliwekwa Juni 2025 kwenye orodha ya nchi zenye vizuizi vya kuingia Marekani, na hilo linaweza kugusa hata maombi ya uraia.

Ada, tangu Aprili 2024, ni dola 710 ukituma kwa mtandao na 760 kwa karatasi. Kipato cha nyumba kikiwa kidogo unaweza kulipa 380. Anayepokea Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) au SNAP (msaada wa chakula) anaweza kuomba asamehewe yote kwa fomu I-912. Usione aibu kuiomba.

Baada ya alama za vidole ndipo maswali 128 yanapata nafasi yake. Kwa waliotuma kuanzia 20 Oktoba 2025, afisa anauliza mpaka maswali 20, nawe unatakiwa upate 12, ukishayafikisha anasimama. Yote na majibu yake yako kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, bure, pamoja na orodha ya maneno ya kusoma na kuandika. Wanafunzi wangu husikiliza rekodi wakiwa njiani kwenda kiwandani, na kuandika imla jioni, sentensi tatu kila siku. Majina ya gavana na maseneta wa jimbo lako yaangalie upya wiki ya intavyu.

Wazee wetu nawahurumia sana hapa. Aliyefikisha miaka 55 na grin kadi ya miaka 15, au miaka 50 na kadi ya miaka 20, anasamehewa Kiingereza na kujibu kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Lakini Wakongo wengi tuliletwa kuanzia 2013 hivi: mama aliyeingia 2016 ataipata nafasi hiyo 2031. Mwenye maradhi yanayomzuia kujifunza, kama kiharusi au kupoteza kumbukumbu, daktari wake anaweza kumjazia N-648, fomu ya kuomba asamehewe Kiingereza na mtihani. Daktari aeleze ni kwa namna gani ugonjwa unazuia kujifunza. Kutokujua kusoma peke yake hakukubaliki, na daktari aliyeandika mistari miwili atakurudisha nyumbani.

Ndani ya chumba, Kiingereza kinaanza kupimwa tangu salamu. Usipoelewa, omba arudie, ni ruhusa. Anaweza kukuuliza maana ya mateso, kiapo au mauaji ya kimbari. Jibu kwa maneno mepesi ya kwako: kuua watu wengi kwa sababu ya kabila lao. Sisi tunajua hilo kuliko kamusi yoyote. Ukishindwa sehemu moja utaitwa tena kati ya siku 60 na 90, kwa sehemu hiyo tu. Ukikataliwa kabisa, una siku 30 za kuomba usikilizwe upya kwa fomu N-336.

Kabla ya kiapo, fikiri juu ya nchi uliyotoka. Katiba ya Kongo ya 2006 inasema uraia wa Kongo hauchanganywi na mwingine. Tanzania nayo hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Kenya inaruhusu tangu katiba ya 2010. Mwenye shamba au nyumba ya urithi aongee na ndugu zake mapema.

Siku ya kiapo utarudisha grin kadi na kupewa cheti. Kisome herufi kwa herufi kabla hujatoka ukumbini; kosa likionekana pale pale, mwambie afisa. Piga nakala, kisha uombe pasipoti, yako na ya watoto walio chini ya 18 kwa pamoja, kwa sababu wao hawapewi cheti siku hiyo, na pasipoti ndiyo itakayowaonesha kuwa raia. Cheti utakachokituma nacho kitarudi kwa bahasha yake, kwa hiyo bahasha ya pasipoti ikifika bila cheti, usishtuke.