Kusafisha databesi ya komiki zako bila kuharibu zenye ziko sawa

Ukiwa na komiki hamsini hauhitaji databesi, zote unazijua kwa kichwa. Shida huanza zikifika mia nne mia tano hivi, zingine umetoa kwa wale wa inama, wauza vitabu vya mtumba kando ya barabara, pale Tom Mboya Nairobi, zingine binamu alikuja nazo kutoka majuu, kuna karatoni ya Commando, zile komiki za vita za Uingereza, ulirithi kwa mjomba, na kila moja uliiingiza kwa shiti ya Google Sheets ama Excel siku tofauti na mudi tofauti. Leo umeandika Spiderman, mwezi ujao Spider-Man, siku nyingine Amazing Spiderman, na kompyuta kwake hizo ni komiki tatu. Sasa uko inama, umeona kitu safi, unachek kwa simu, shiti inasema huna, unalipa, unafika nyumbani unaipata imelala kwa karatoni. Hapo ndo watu huamua kusafisha, na hapo ndo wengi huharibu zaidi, juu wanakaa chini na hasira wanarekebisha mstari baada ya mstari hadi saa nane usiku na kesho yake hawajui walibadilisha nini wala kwa nini.

Kwa hivyo kabla uguse chochote kopi shiti nzima, ipe jina na tarehe ya leo, iweke kando usiifungue tena. Najua Google Sheets huweka historia yake, lakini jaribu siku moja kutafuta kiboksi kimoja ndani ya historia ya nusu mwaka uone. Alafu ongeza kolamu tatu upande wa kulia: ilikuwa imeandikwa aje, marekebisho umetoa wapi, na kama imethibitishwa ama bado. Wasee wengi huona hiyo ni kazi ya bure. Hiyo ya katikati haswa ndo itakuokoa, juu kuna siku utakutana na kitu ulibadilisha na utajiuliza ni nani alikwambia.

Sasa nani anaamua lipi ni kosa? Komiki yenyewe, ukiwa nayo mkononi. Sio kichwa chako, sio duka la mtandaoni, na sio kava, juu kava ni tangazo tu. Fungua ndani utafute yale maandishi madogo ya kisheria, huwa chini ya ukurasa wa kwanza ama nyuma ya kava, kwa komiki za siku hizi saa zingine yamesukumwa hadi mwisho. Hapo kuna jina rasmi, namba, tarehe na kampuni. Mfano mzuri ni X-Men: kava ilianza kuandika The Uncanny X-Men toka namba 114 mwaka wa 1978, lakini maandishi madogo yaliendelea kusema The X-Men hadi namba 142, Februari 1981, ndo yakabadilika. Ukifuata kava utakuwa na mfululizo umekatika mahali haukukatika.

Kuna mstari nimeona kwa shiti za watu zaidi ya mmoja, huwa hivi:

Xmen / 1 / 1963 / Marvel / $1.50

Soma polepole. Mwaka wa 1963 komiki ya kawaida ya Marekani ilikuwa senti 12, kwa hivyo hiyo dola moja na nusu imetoka wapi? Imetoka 1991, wakati Marvel walianzisha X-Men nyingine kuanzia namba 1, ikatoka na kava tano tofauti, nne za $1.50 na ile ya tano ya kukunjuka ya $3.95, wakauza nakala zaidi ya milioni 8. Hiyo ndo utapata inama, ile ya 1963 sahau. Mtu aliona X-Men namba 1, akagoogle, akachukua mwaka wa kwanza alioona. Kosa hapo ni mwaka peke yake lakini ukiuacha shiti itakwambia wewe ni tajiri. Ndo maana mfululizo unaandikwa na mwaka ulioanza, The X-Men (1963), X-Men (1991), kila mara, hata kama unayo moja tu.

Na hapa ndo siri ya kazi yote: usifuate mstari, fuata aina ya kosa. Chukua kolamu moja, tumia fomula ya UNIQUE ya Google Sheets ikutolee orodha ya kila kitu umewahi kuandika hapo, utashangaa. Kolamu ya mchapishaji peke yake itakutolea Marvel, marvel, Marvel Comics, Marvel yenye nafasi nyuma yake haionekani kwa macho, na Marvle. Hizo nafasi zisizoonekana TRIM inazimaliza. Hizo zingine zirekebishe aina moja kwa mara moja, lakini ogopa ile ya kubadilisha zote kwa kubonyeza mara moja, juu ukisema kila DC iwe DC Comics na tayari kuna zenye ziko sawa, utapata DC Comics Comics, na zile Commando zako zenye mchapishaji ni D.C. Thomson wa Scotland ziko hatarini pia kulingana na venye uliziandika. Kama una maelfu ya mistari kuna programu ya bure inaitwa OpenRefine, inakusanya majina yanayofanana inakuuliza kama ni moja. Inakuuliza, kumbuka, haijui. Inaeza kukuletea John Romita na John Romita Jr. ikidhani ni mtu mmoja kumbe ni baba na mtoto, wote wachoraji, wote wamechora Spider-Man. Ukikubali bila kusoma umeua mzee ama umeua kijana.

Majina ya watu yana shida nyingine. Hergé na Georges Remi ni mtu mmoja, Moebius na Jean Giraud ni mtu mmoja, sasa unaandika gani? Andika lenye limechapishwa kwa hiyo komiki, alafu uwe na kolamu nyingine ya jina moja la kutafutia. Usichanganye hizo mbili. Batman ya kwanza, Detective Comics namba 27 ya 1939, jina lililochapishwa ni la Bob Kane peke yake, na Bill Finger aliyeiandika alikuja kutambuliwa rasmi na DC mwaka wa 2015. Ukifuta Kane uweke Finger kwa kolamu ya yaliyochapishwa umeandika uongo hata kama moyo wako uko mahali pazuri. Weka Finger kwa mabano mraba, ndo mtu ajue hii imetoka nje ya komiki. Hata kosa la kiwanda, tuseme namba imechapishwa vibaya kwa kava, unaliacha venye liko na unaandika pembeni.

Namba sasa, hii ndo huleta kizaazaa. Kolamu ya namba ifanye maandishi, sio hesabu. Najua inauma juu ukipanga itakuja 1, 10, 100, 2, lakini dawa ni kuongeza kolamu ya pili ya mpangilio, haina maana nyingine. Kwa nini maandishi? Juu Marvel walitoa namba -1 Julai 1997, DC wakatoa namba 0 mwaka wa 1994 na namba 1,000,000 Novemba 1998, na kuna komiki za namba nusu, zenye ukiandika 1/2 Excel inakugeuzia kuwa tarehe bila kukuuliza. Bakodi ni hivyo hivyo. Kwa komiki nyingi za Marekani za kuanzia miaka ya 90 kuna tarakimu tano ndogo pembeni ya bakodi kubwa: tatu za kwanza ni namba ya toleo, ya nne ni kava ya ngapi, ya tano ni uchapaji wa ngapi. Kwa hivyo 00111 ni toleo la 1 kava ya kwanza uchapaji wa kwanza, 00121 ni kava ya pili, 00112 imechapwa mara ya pili. Ukiiingiza kama hesabu sifuri zinapotea unabaki na 111 na hiyo haikusaidii. Lakini ikiwa sawa, manze, hizo tarakimu tano zinamaliza ubishi mwingi wa nakala mbili zenye zinafanana.

Alafu kuna mapengo. Filta itakuonyesha The Incredible Hulk namba 1 hadi 6, alafu 102. Msee anaona amekosa komiki 95 anaanza kuziongeza kwa orodha ya kutafuta. Hazipo. Hulk ilikufa namba 6 Machi 1963, akaenda kuishi ndani ya komiki nyingine, Tales to Astonish, na hiyo ilipofika 102 mwaka wa 1968 ikabadilishwa jina ikawa yake. Amazing Spider-Man nayo ilianza upya 1999, ikafika 58, iliyofuata ikaitwa 500. Sio kosa, ni biashara yao. Kabla ujaze pengo, hakikisha pengo ni pengo.

Tarehe nitapita haraka. Mwezi kwa kava sio mwezi ilitoka, wachapishaji walikuwa wanaandika mwezi wa mbele ndo komiki isionekane kuukuu kwa meza. Amazing Fantasy namba 15, ile ya Spider-Man wa kwanza, inasema Agosti 1962 na iliuzwa Juni. Ukiona databesi mbili zinabishana hivyo hakuna mwenye makosa, fanya kolamu mbili. Za Ulaya angalia mwaka wa haki miliki usije ukauchukua kama mwaka wa kitabu chako: Asterix ya kwanza ni albamu ya 1961 kwa Kifaransa, ya Kiingereza ni 1969, na nakala yako pengine imechapwa miaka mingi baadaye. Commando nazo hurudia hadithi za zamani na namba mpya, kwa hivyo hadithi moja na namba mbili sio nakala mbili, ni matoleo mawili, na za karibuni ukisoma ndani huandika ilitoka mara ya kwanza namba gani.

Bei watu huidharau. Komiki nyingi za zamani zilifika huku kupitia Uingereza, kwa hivyo utapata Marvel ya miaka ya 60 yenye bei ya 9d, yaani peni tisa za zamani za Uingereza, badala ya senti. Sio bandia, ilichapwa huko huko Marekani ikabadilishwa bei tu, na usiigeuze kuwa dola ndo ifanane na zingine. Na tofautisha sifuri na kiboksi kitupu. Shujaaz, komiki ya Kenya, ilipoanza 2010 ilikuwa ya bure, inakuja ndani ya gazeti, sasa bei yake ni 0. Kiboksi kitupu maana yake hujui. Ukijaza sifuri kila mahali hujui, hesabu ya bei ya kawaida ya mkusanyiko wako itakuwa kichekesho.

Komiki za hapa kwetu ndo kazi tamu na ngumu, juu mara nyingi hakuna pa kunakili. Joe ya Terry Hirst na Hilary Ng'weno iliyoanza 1973, Pichadithi za huyo huyo Hirst, Akokhan ya Frank Odoi, hizi unajaza mwenyewe ukiangalia karatasi. Ikiwa haina namba andika [nn], usiipe namba ya kubuni kwa sababu imekaa ya tatu kwa rafu. Ikiwa haina mwaka, andika miaka ya 80 kama ndo unachojua, kiboksi hakitalia. Zile zilizotokea magazetini kwanza, kama Juha Kalulu wa Edward Gitau kwa Taifa Leo, unaeza kutafuta gazeti lenyewe pale Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Beba penseli na subira.

Ukimaliza utagundua makosa mengine hayakuwa yako, uliyakopi kutoka kwa databesi za watu. Yarekebishe huko pia. Grand Comics Database (GCD), databesi ya komiki ya mtandaoni, iko tangu 1994 na inaendeshwa na watu wa kujitolea: unajisajili, unashika ile rekodi unataka kubadilisha, unarekebisha, unaandika sababu, alafu mhariri anaangalia anapitisha ama anakurudishia na swali. Usiandike tu kwamba hii si sawa. Andika una nakala mkononi, maandishi madogo ya ukurasa fulani yanasema hivi neno kwa neno, na kama ni kava weka skani. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja, juu ukituma vitu saba na kimoja kina shida vyote vinakwama. Akirudisha na swali, jibu swali, usianze vita. Na ikipitishwa, rudi kwa shiti yako, kwa ile kolamu ya umetoa wapi uandike ni nakala yako, usiandike ni GCD, juu la sivyo mwakani utakuwa unathibitisha data yako na data yako mwenyewe.