Namna ya Kusoma Kisukuku cha Samaki wa Triasiki

Anayekabidhiwa kisukuku cha samaki wa kipindi cha Triasiki, yaani cha kati ya miaka milioni 252 na milioni 201 iliyopita, kwa kawaida hukimbilia kuuliza jina lake. Ningemsihi aliweke kando swali hilo kwanza. Kipindi hicho kilifuata maangamizi makubwa ya viumbe ya mwisho wa Permi, kipindi kilichotangulia Triasiki, na ndani ya Triasiki samaki wenye mapezi yanayotandazwa na vijiti vya mfupa walibadilika taya, mapezi na mkia, kila kiungo kwa mwendo wake. Anayeyajua mabadiliko hayo atalifikia jina bila kubahatisha.

Hakikisha una nusu zote mbili za jiwe. Samaki wa eneo la Ambilobe, kaskazini mwa Madagaska, hupatikana ndani ya madonge magumu ya mwamba, na donge likipasuliwa, jambo lisiloonekana upande mmoja huweza kuwa limeacha chapa safi upande wa pili. Weka taa chini, karibu usawa wa jiwe, ili mwanga upite kwa mshazari na mishono ya mifupa ijitokeze kwa vivuli vyake. Kisha chora, kwa sababu mkono unaochora hulilazimisha jicho kukiri kwamba mfupa fulani haupo.

Anza na taya la juu, mahali ambapo mageuzi haya yanasomeka vizuri kuliko popote. Kwa Pteronisculus, mwenye umbo la kale, mfupa wa taya hilo hutanuka kwa nyuma kama bapa la shoka na kushikamana na mifupa ya shavu. Mdomo ulipofunguka, taya la chini lilishuka, la juu likabaki pale pale. Pitisha lenzi ya kukuza mara 10 kwenye ukingo wa nyuma ukatafute mshono huo. Sasa mtazame Watsonulus: taya lake la juu ni jembamba, na ncha ya nyuma haikufungwa shavuni, hivyo liliweza kuzunguka kuelekea mbele, likaziba pembe za mdomo na kusaidia kuvuta maji pamoja na windo. Wote wawili wanatoka katika miamba ya Triasiki ya Mwanzo ya Madagaska. Kwa hiyo usikadirie umri wa mwamba kwa ukale wa umbo la samaki, kosa ambalo hata wachunguzi makini hulifanya.

Ukishamaliza taya, hesabu vijiti vya pezi la mgongoni na la mkundu, kisha hesabu vifupa vinavyovibeba ndani ya mwili. Vijiti vikizidi vifupa kwa wingi, umbo ni la kale. Vikikaribia kulingana, una samaki wa kundi jipya, ambaye aliweza kuliongoza pezi lake kwa wepesi zaidi.

Mkia unahitaji tahadhari. Kwa samaki wa kale mwili hupinda juu na kuingia katika tawi la juu la mkia, kama kwa papa, na kwa waliofuata sehemu hiyo ilifupika. Hata hivyo Saurichthys, mwenye mwili mrefu na pua iliyochongoka, ana mkia wenye matawi yanayolingana, ilhali taya lake la juu limefungwa imara shavuni. Mkia pekee haumalizi shauri. Magamba pia husaidia kidogo tu, maana yale mazito yanayong'aa yalidumu kwa makundi mengi.

Ukikuta samaki wadogo ndani ya tumbo la Saurichthys, usiandike mara moja kuwa ni chakula. Katika Monte San Giorgio, mpakani mwa Uswisi na Italia, wamepatikana majike wa Triasiki ya Kati wakiwa na vijusi. Chunguza kama wadogo hao ni wa spishi ile ile ya mkubwa, wanalingana ukubwa, na kama mifupa yao haikuharibiwa na mmeng'enyo.