Namna ya Kupanga Kalenda ya Dragon Ball Bila Kuficha Migongano Yake

Kaa na mashabiki wa Dragon Ball, hadithi ya Kijapani ya manga (katuni za kuchapishwa) na anime (katuni za kurushwa), nusu saa tu, swali la miaka litazuka. Goten, mtoto wa shujaa Goku, ana umri gani Beerus, mungu wa maangamizi, anapofika duniani? Pan, mjukuu wa Goku, alizaliwa lini? Kwa nini Bulma, rafiki wa Goku, anasherehekea kutimiza miaka 38 wakati hesabu inampa 45? Kila mmoja anatoa picha ya ukurasa au ya kipindi kuthibitisha anachosema, na mara nyingi wote wana ushahidi wa kweli. Ushahidi huo ndio unaopishana wenyewe kwa wenyewe.

Nimezoea kupanga kalenda za manga na anime zilizoendelea kwa miaka mingi, na huu ndio utaratibu ninaoufuata. Dragon Ball inafaa kujifunzia kuliko nyingine zote ninazozijua. Ilianza kwenye jarida la Weekly Shōnen Jump mwezi Novemba 1984, ikamalizika mwaka 1995 ikiwa na sura 519 katika juzuu 42, kisha ikazaa anime, filamu na manga mpya zinazoendelea hata baada ya mwandishi wake, Akira Toriyama, kufariki Machi 2024. Imepita mikononi mwa watu wengi mno kwa kalenda yake kubaki moja. Kwa hiyo usiingie ukitaka kuinyoosha. Ingia ukitaka kujua kila tarehe imetoka wapi, na kila mgongano umeletwa na nini.

Utahitaji jedwali la kompyuta au daftari lenye mistari, manga yenyewe, na muda wa kuisoma polepole.

Hatua ya 1: Tenga vyanzo

Kabla ya kuandika tarehe hata moja, weka safu ya chanzo na uipe kila kazi alama yake. Mimi hutumia herufi. M ni manga ya Toriyama. A ni anime ya studio ya Toei: Dragon Ball yenye vipindi 153 na Dragon Ball Z yenye vipindi 291. K ni vipindi vya kujazia, yaani vile vilivyotungwa na watu wa anime bila kuwepo kwenye manga. F ni filamu. V ni vitabu vya mwongozo, hasa vile vya Daizenshuu vya miaka ya 1995 na 1996. S ni Dragon Ball Super, mfululizo wa baadaye, ambao lazima uugawe mara mbili, anime na manga iliyochorwa na Toyotarō, maana hazisimulii mambo kwa namna moja. GT na Daima, mifululizo mingine ya anime, nazo ziwe na alama zao.

Kama unatazama anime iliyotiwa sauti za lugha nyingine, usichukue namba yoyote kutoka humo bila kuihakiki kwenye manga. Ile kauli maarufu ya Vegeta, mpinzani wa Goku, kwamba nguvu za Goku zimepita 9000 imetoka kwenye sauti za Kiingereza. Kwenye manga na kwenye anime ya Kijapani ni 8000. Kama namba inayojulikana dunia nzima iliweza kubadilika hivyo, umri wa mhusika mdogo nao unaweza kubadilika na asiwepo wa kugundua.

Hatua ya 2: Andika umbali kwanza, miaka baadaye

Hatua hii ndiyo inayobeba kazi yote, kwa hiyo usiiharakishe.

Wengi huanza na miaka ya ulimwengu wa Dragon Ball: 749, 761, 774. Lakini miaka hiyo, kwa sehemu kubwa, imetoka kwenye vitabu vya mwongozo. Ndani ya manga wahusika hutaja umbali: baada ya miaka mitatu, mwaka mmoja kutoka leo, siku kumi zijazo. Basi pitia sura kwa sura ukiandika umbali huo peke yake, pamoja na sura unapopatikana na nani aliyeutaja. Utapata kitu kama kamba yenye mafundo, ambayo bado hujaifunga popote.

Mafundo makubwa ni haya. Kutoka mashindano ya 21 ya Tenkaichi Budokai (mashindano ya kupigana) hadi ya 22 ni miaka 3, na kutoka ya 22 hadi ya 23 ni mingine 3. Kutoka hapo hadi Raditz, kaka yake Goku, anapotua duniani ni 5. Gohan, mtoto mkubwa wa Goku, wakati huo ana miaka 4, jambo linalokubaliana vizuri na Goku kumwoa Chi-Chi baada ya mashindano ya 23. Mwaka 1 baadaye wanafika Vegeta na Nappa, kisha safari ya sayari Namek. Goku anarudi, anakutana na Trunks aliyetoka siku zijazo, na Trunks anaonya kwamba androidi (binadamu wa bandia) watakuja baada ya miaka 3. Baada ya vita na adui Cell inapita miaka 7 Goku akiwa ameshakufa. Baada ya vita na Buu, adui wa mwisho, 10 mpaka sura za mwisho.

Ukikutana na kauli yenye tarehe kamili, iandike kwa rangi tofauti. Onyo la Trunks ni la aina hiyo: Mei 12, kama saa nne asubuhi, kwenye kisiwa kilichoko kilomita 9 kusini magharibi mwa Jiji la Kusini. Cell naye, akishakuwa kamili, anatoa siku 10 kabla ya mashindano yake. Vitabu vya mwongozo vinayaweka mashindano hayo Mei 26. Toa 10, unabaki na Mei 16. Maana yake ni kwamba kuugua kwa Goku, Cell kujitokeza na kuwameza binadamu, Vegeta na Trunks kukaa kwenye chumba cha mazoezi, na vita vya androidi, vyote vimebanwa katika siku zisizofika tano. Rudi kwenye manga uhesabu machweo na mapambazuko. Mambo yanaingia, ila kwa shida. Ukishafanya hesabu hii mara moja, utausoma mkasa wa Cell kwa jicho jingine kabisa, maana utaona jinsi watu wale walivyokosa hata siku ya kupumua.

Hatua ya 3: Funga kamba kwenye mwaka mmoja

Sasa chagua mwaka mmoja wa kuanzia kutoka kwenye vitabu vya mwongozo. Mimi huchukua 749, mwaka ambao Goku anakutana na Bulma. Mashindano ya 21 yanaangukia 750, halafu hesabu inatembea yenyewe: 753, 756, 761 kwa Raditz, 762 kwa Vegeta, 764 kwa Trunks, 767 kwa androidi na Cell, 774 kwa Buu, 784 kwa mwisho wa manga.

Jaribu uimara wake kwa watoto. Kwenye mashindano kabla ya Buu, Trunks (yule wa wakati huu, si aliyetoka siku zijazo) ana miaka 8 na Goten 7. Ukirudi nyuma kutoka 774, Goten anazaliwa 767, mwaka aliokufa baba yake. Inakaa sawasawa.

Hatua ya 4: Mpime anayesema

Goku anapokutana na Bulma anasema ana miaka 14. Baadaye inajulikana kuwa alikuwa na 12, kwa kuwa hakuwa amejua kuhesabu vizuri hadi alipofundishwa na mwalimu wake, Muten Roshi. Bulma alikuwa na 16, kwa hiyo alizaliwa 733. Filamu ya Battle of Gods ya mwaka 2013 inawekwa mwaka 778, na humo ndimo wanamfanyia sherehe ya miaka 38. Anayemjua Bulma hashangai kwamba amejipunguzia saba.

Kauli kama hizi zipe safu yake: alichosema mhusika, na kile hesabu inachosema. Usizihesabu kuwa migongano, kwa sababu hadithi yenyewe inaweza kuzibeba.

Hatua ya 5: Umri wa kalenda na umri wa mwili

Dragon Ball ina wafu wanaorudi, na ina Chumba cha Roho na Wakati ambamo siku moja ya nje ni mwaka mzima ndani. Safu moja ya umri haitoshi.

Mchukue Goku. Alizaliwa 737, kwa hiyo mwaka 774 kalenda inampa 37. Lakini alikuwa mfu mwaka mzima baada ya Raditz, na mingine 7 baada ya Cell. Tukikubali kwamba wafu hawazeeki, toa 8. Ongeza 1 aliokaa kwenye Chumba na Gohan. Mwili wake una miaka kama 30. Vegeta aliyezaliwa 732 ana kalenda ya 42. Gohan naye, kwa mwaka ule mmoja wa Chumba, mwili wake umetangulia kalenda yake maisha yake yote. Mabishano mengi ya umri huisha mara tu safu hizi mbili zinapowekwa pembeni ya kila jina, kwa kuwa mmoja alikuwa akihesabu kalenda na mwenzake mwili.

Hatua ya 6: Tafuta sababu ya kila mgongano

Baada ya yote hayo, kinachobaki ni migongano ya kweli. Hapa acha kuuliza nani yuko sahihi. Uliza kazi hiyo ilitengenezwa vipi.

Kuna migongano ya jarida la kila wiki. Trunks alionya juu ya androidi wawili, halafu wanapotokea Namba 19 na 20 anasema hawa siwajui. Chanzo chake kinafahamika. Kazuhiko Torishima, aliyekuwa mhariri wa Toriyama, hakuridhishwa na maadui ambao mmoja ni mzee na mwingine mnene, ndipo wakaja 17 na 18. Torishima hakuridhika na hao pia, ndipo akaja Cell. Toriyama aliugeuza mshangao wa Trunks kuwa sehemu ya hadithi, kwamba kurudi kwake kumebadili historia. Nauona kuwa ufundi mkubwa, na kwenye jedwali uandike hivyo: sababu ya uchapishaji, imeelezwa ndani ya hadithi.

Kuna migongano ya anime iliyokuwa ikiifuata manga kwa karibu mno. Adui Frieza anatangaza kwamba Namek italipuka baada ya dakika 5, na dakika hizo zinachukua vipindi vingi, kila kimoja cha dakika zaidi ya 20. Tumia saa ya hadithi, usipime muda wa kutazama.

Mfano unaostahili kuchunguzwa kwa makini ni adui aitwaye Garlic Jr. Alitoka kwenye filamu ya Julai 1989, ambamo Gohan mdogo anatekwa, na Krillin, Piccolo na Kami wote wamo. Lakini mwanzoni mwa Z, Goku anapompeleka mwanawe nyumbani kwa Muten Roshi, Krillin na wenzake wanashtuka kusikia kwamba ana mtoto. Filamu haiwezi kutangulia tukio hilo. Wala haiwezi kulifuata, kwa kuwa Goku anakufa muda mfupi baadaye. Haina mahali. Shida ni kwamba vipindi vya 108 hadi 117 vya Z, vya kujazia, vinamrudisha Garlic Jr. na kuichukulia filamu ile kuwa ilitokea. Ndiyo maana tulitenga K na F tangu mwanzo: ukiviweka na manga kwenye safu moja, kosa la filamu linaingia kwenye anime na kutoka huko linaenea kwenye kalenda nzima. Anayetaka kutazama bila mzigo huo anayo Dragon Ball Kai, iliyoanza 2009 na kupunguza sana vipindi vya kujazia.

Mwisho kuna mambo yaliyoandikwa upya na mwenyewe. Kipindi maalumu cha 1990 kinamwonyesha Goku akiwa mtoto mchanga, anarushwa angani siku sayari Vegeta inapolipuka. Toriyama alimpenda Bardock, baba yake Goku, wa kipindi hicho hata akamtia kwenye manga. Mwaka 2014 akaandika Dragon Ball Minus, ambamo Goku ni mtoto wa miaka kama 3 na wazazi wake, Bardock na Gine, wanamtoa mapema kwa kuhofia Frieza. Filamu ya Broly ya 2018 ikashika njia hiyo. Ukishikilia kwamba alizaliwa 737, sayari haiwezi tena kulipuka mwaka huo huo.

Hatua ya 7: Pale njia zinapogawanyika, acha zigawanyike

Kuja kwa Beerus kumesimuliwa kwenye filamu, kwenye anime ya Super na kwenye manga ya Toyotarō. Kwenye filamu sherehe ya Bulma iko nyumbani, Capsule Corporation. Kwenye anime iko ndani ya meli. Usichanganye ukatengeneza toleo la nne ambalo halikuandikwa na yeyote. Fungua safu tatu zinazokwenda sambamba kwenye mwaka 778, na uziunganishe tena pale zinapokubaliana. GT vivyo hivyo: iandike kama tawi linaloanza baada ya 784, lisiloijua Super.

Eneo gumu kuliko yote ni ile miaka 10 kati ya 774 na 784, kwa kuwa Super nzima imechomekwa humo. Pan ana miaka 4 mwishoni mwa manga na 3 kwenye filamu ya Super Hero ya 2022, hilo linakubali. Goten na Trunks ndio tatizo. Kwenye mashindano ya ulimwengu mbalimbali, mwaka 780, wanapaswa kuwa na miaka 13 na 14, lakini wamechorwa vilevile walivyokuwa wakati wa Buu. Wanaanza kuchorwa kama vijana kwenye Super Hero. Mimi hufuata hesabu, na kwenye maelezo naandika kwamba michoro haikubaliani nayo.

Daima, iliyoanza kurushwa Oktoba 2024, imeongeza jingine. Inatokea mara tu baada ya Buu, na ndani yake Vegeta anafikia Super Saiyan 3 na Goku anafikia Super Saiyan 4 (ngazi za kubadilika mwili ili kuongeza nguvu). Miaka minne baadaye Goku anapambana na Beerus kwa mara ya kwanza na hapandi zaidi ya Super Saiyan 3. Yapo maelezo mengi ya mashabiki, mengine mazuri, lakini hayaingii kwenye safu ya ushahidi. Kwenye jedwali langu mstari huo una rejea ya kipindi cha Daima, rejea ya Super, na kwenye safu ya sababu neno moja: haijaelezwa. Weka na tarehe uliyouandika, ili kazi mpya ikitoka ujue ni mistari ipi ya kurudia kwanza.